Kumbukumbu Imejaa

Gari lilikuja, likapunguza mwendo mbele ya geti, kisha likapita.

Mama Chiriku alikuwa uani anaanua nguo. Aliujua mlio wa gari la mumewe kama alivyokijua kikohozi chake, na tayari alikuwa ametupia fulana ya mwisho begani aende kumfungulia. Akasimama. Mlio ukaenda hadi mwisho wa mtaa, ukageuka, ukarudi, ukapita tena. Uliporudi kwa mara nyingine alivuta komeo, akatoka barabarani na kupunga mkono, kama mtu anayesimamisha gari la kukodi.

Mumewe akashusha kioo. Alikuwa anacheka, lakini jasho lilimlowesha shingo yote.

"Unakwenda wapi, Baba Chiriku?"

"Nyumbani."

"Nyumbani si hapa?"

Akaliangalia geti. Akauangalia ukuta, na nguo begani mwa mkewe. "Ndiyo hapa," alisema polepole. "Uchovu tu, mke wangu. Nifungulie."

Mwanamume huyu kijiweni kwa madereva aliitwa Njia Zote. Hakupewa jina hilo bure. Ungemtajia duka lililofungwa zamani, au mtu aliyehama, angekupeleka mpaka mlangoni na njiani akakuonyesha vichochoro vya kukwepa foleni. Mtu kama huyo kupita geti lake ni jambo la kuchekwa, na mkewe alicheka kweli. Alimpakulia chakula, akamvua soksi, akamwambia alale mapema.

Lakini usingizi wenyewe yeye ndiye aliyeukosa. Alikuwa anakumbuka walivyokuwa kwa Waya.

Waya alikuwa fundi wa redio za magari, na kibanda chake kilijibana chini ya ngazi za jengo la maduka. Ndiye aliyekifanya kioo cha ramani cha gari lile kizungumze Kiswahili, kwa maana lilikuja likiwa limetumika, linaongea lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Alikiwekea sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye amri: kata kulia, rudi ulikotoka, punguza mwendo. Madereva wakaiita Shangazi. "Shangazi kasema nini?" wangemuuliza Njia Zote, naye angewajibu, "Kasema mnioneshe heshima."

Tatizo la Shangazi lilikuwa moja. Kila gari lilipowashwa alianza kulalamika: "Kumbukumbu imejaa. Futa baadhi ili kupata nafasi." Akishasema hivyo anaganda, ramani haisogei, hata redio inakataa. Ndiyo maana siku ile wakaenda kibandani, na Mama Chiriku akaenda pia kwa sababu alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana, mtoto akiwa mgongoni.

Waya alifuta nyimbo. Akafuta ramani za nchi ambazo gari lile lisingefika hata likisukumwa. Akafuta mahali palipohifadhiwa na mwenye gari wa kwanza, pamoja na safari zake zote. Ikabaki nukta moja. Haikuwa juu ya barabara yoyote iliyochorwa, haikuwa na jina, ilikaa peke yake kwenye sehemu ya ramani iliyokuwa tupu.

"Hii ndiyo iliyokula nafasi yote," alisema Waya.

"Kijinukta hicho?"

"Kidogo kwa macho, kaka. Ona hesabu ya nafasi iliyoshikwa, kimejaza kila kitu."

Akabonyeza futa. Shangazi akajibu: "Hapa hapafutiki. Chagua kingine cha kufuta."

"Hakuna kingine, Shangazi! Nimekukomba mpaka sufuria inang'aa."

"Chagua kingine cha kufuta."

Njia Zote alikuwa na njaa, na njaa ikimshika huwa mtu wa mizaha. Aliingiza kichwa dirishani, kijiko mkononi, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mkwe: "Basi futa za kwangu, Shangazi. Humu kichwani nafasi yote ni yako. Mwenyewe sijui zinanisaidia nini."

Waya alicheka. Mama Chiriku alicheka mpaka mtoto mgongoni akacheka naye, bila kujua kinachochekwa.

 Kioo kikasema, "Asante."

Waya akaacha kucheka. "Neno hilo mimi sikuliweka humo," alisema.

Lakini ramani ilisogea, redio ikaimba, na toka hapo kioo hakikulalamika tena kwamba kumbukumbu imejaa. Wote walishukuru.

* * *

Baada ya ile jioni ya geti, mambo hayakwenda mbio. Yalikwenda kama maji yanayopenya ukutani.

Kwanza zilipotea njia za mbali, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisahau. Kisha njia ya bandari, kisha ya soko la mbao. Kijiweni wakaona mchezo. "Jamani, Njia Zote siku hizi ni Njia Panda!" Alicheka nao. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akichora kwa kidole juu ya shuka: hapa kona, hapa kinyozi, halafu... halafu kidole kinasimama.

Siku moja alirudishwa na mteja wake, mwalimu mtu mzima wa shule ya vidudu, aliyekuwa na bendeji mguuni. Ilikuwa ampeleke zahanati kubadilisha dawa. Alisahau zahanati iko wapi, akasahau na alikotoka. Mwalimu akaikosa zamu yake, akamwelekeza kona kwa kona mpaka getini kwa Mama Chiriku, na walipopita kijiweni akatoa kichwa dirishani akawaambia wale vijana, "Mwacheni, gari lina hitilafu, na mimi ndiye niliyeomba twende taratibu." Mama Chiriku alimwona akishuka akichechemea.

"Mwalimu, samahani sana. Na mguu wako je?"

"Mguu utangoja, binti yangu. Huyu asingoje. Mtafutieni msaada." Akamsogelea sikioni. "Tena humo garini mna mtoto? Njia nzima nimesikia mtu anapumua nyuma yangu, pumzi za mtoto mwenye mafua."

Hapakuwa na mtoto. Chiriku alikuwa ndani kwa jirani, anamsimulia jirani habari za paka.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Mama Chiriku alikuwa anafua. Gari lilikuwa uani, limezimwa, ufunguo umetundikwa kwenye msumari wa jikoni na mumewe amelala chumbani. Alisikia tak. Sauti ndogo ya mkanda wa kiti unapofungwa. Akainua macho. Akaisikia sauti ya Shangazi, ila haikuwa tena ya mwanamke mtu mzima. Ilikuwa ya msichana, msichana anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

"Nafasi imepatikana kidogo."

Alikwenda akiwa na povu mikononi. Akachungulia kioo cha dirisha, akaona kioo cha ramani kimezima, cheusi, akaona na mkanda wa kiti cha nyuma umefungwa barabara, umetuna katikati kana kwamba umekizunguka kifua kidogo. Alipofungua mlango, harufu ikamjia: udongo uliochimbuliwa sasa hivi, mbichi, wenye mizizi iliyokatika, na ndani ya harufu hiyo ilikuwamo nyingine ambayo hakuna mwanamke aliyezaa asiyeijua, ile ya utosi wa mtoto mchanga.

Akaufunga mlango taratibu, kama anayeogopa kuamsha.

* * *

"Hivi Mama mbona hapigi simu siku hizi?" mumewe aliuliza wakiwa mezani.

Mama yake walikuwa wamemzika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na kwa muda mrefu baadaye hakuweza kuisikia sauti ya koleo bila kuondoka mahali alipo. Mama Chiriku alitafuta jibu, akakosa lenye huruma zaidi ya uongo.

"Atapiga," alisema. "Kula kwanza."

Akala. Chiriku akaingia mbio kutoka uani, akampandia babake magotini kama kawaida yake, akaanza kumsimulia kwa mpigo, paka kapanda, paka kashuka, paka kamtazama vibaya. Mtoto huyu alikuwa hajafika hata umri wa kuvaa viatu mwenyewe lakini mdomo wake haukujua kupumzika, ndiyo maana wakamwita hivyo.

Njia Zote alimsikiliza kwa adabu. Akamfuta uji shavuni. Kisha akamwinulia mkewe macho, akatabasamu kama mgeni aliyekaribishwa nyumba ya watu wema.

"Mtoto mzuri sana huyu. Wa nani?"

Chiriku alidhani ni mchezo. Akacheka, akampiga babake kifuani kwa viganja viwili. "Wa kwako!"

"Wa kwangu?"

"Wa kwako! Wa kwako! Wa kwako!"

Na mwanamume yule akaendelea kutabasamu, akimwangalia mkewe amsaidie, asiaibike mbele ya mtoto wa watu.

Mama Chiriku alimchukua binti yake, akatoka naye nje, akalia akiwa ameuficha uso nyuma ya shuka zilizoanikwa. Kusahau njia ni kazi kupotea, na kazi hutafutwa nyingine. Lakini mtoto huyu angekuaje, akimwita baba mtu anayemjibu "karibu"?

* * *

Waya alikuja nyumbani mwenyewe, na mfuko wa vifaa. Hakungoja kuitwa mara mbili. Alikichomoa kioo kutoka kwenye dashibodi, akakilaza juu ya meza ya uani, waya zake zikining'inia. Akakiunganisha na betri ndogo ili kiwake, akatazama kilichomo.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mimi nilikiacha kitupu hiki. Sasa kimejaa."

"Kimejaa nini?"

"Sijui. Sauti. Njoo usikie." Akabonyeza.

Kwanza zilitoka barabara. Ndivyo alivyosimulia Mama Chiriku baadaye, kwamba barabara zilikuwa na sauti: honi za mahali fulani, mlio wa mawe chini ya tairi, mtu anayejisemea moyoni "hapa kona, hapa kinyozi". Kisha mwanamke mzee akaimba wimbo wa kumlaza mtoto, akikosea maneno palepale alipokuwa akikosea siku zote marehemu mama mkwe wake. Kisha koleo likagonga udongo. Kisha mtoto akacheka, na sauti nyororo ya mwanamume ikasema, "Chiriku wangu, baba amerudi."

Waya akakizima. Bisibisi ikamponyoka mkononi.

"Kifute!" alinong'ona Mama Chiriku. "Kifute chote, kivunje, kichome moto!"

"Shemeji, fikiria. Nikikifuta hiki, na yeye nimemfuta. Vyake vyote vimo humu."

Na pale mezani, kioo kikiwa kimezima, betri ikiwa pembeni, sauti ikasema, ya mtoto sasa, mtoto wa kuanza shule: "Kumbukumbu imejaa. Nafasi kidogo tu. Nafasi kidogo tu."

* * *

Aliyewasaidia alikuwa mkunga. Alikuwa amestaafu hospitali, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na watu walimjua kwa kazi mbili: kuwapokea wanaoingia duniani, na kuwatoa walioingia bila kukaribishwa. Kazi ya pili hakuipenda kuisema. Alikuja mchana mweupe, akakataa kungoja jioni. "Jioni ni ya kwao," alisema. "Mimi kazi zangu nazifanya naona ninachoshika."

Alimtuma jirani aondoke na Chiriku, wasirudi mpaka waitwe. Akamwambia Waya arudishe kioo mahali pake garini. Kisha akamkalisha Njia Zote kwenye usukani, akakaa yeye pembeni yake, kwenye magoti kikopo chenye kaa la moto na ubani.

"Wewe kaa nyuma," alimwambia Mama Chiriku. "Umshike mabega asikimbie. Na unisikilize vizuri, binti yangu. Kitu hiki kinakula maneno. Mumeo alikipa neno la mzaha, chenyewe kikalishika kama kiapo. Kwa hiyo hapa anayeongea ni mimi tu. Kikikutukana, nyamaza. Kikikubembeleza, nyamaza. Hata kikilia."

"Nimekusikia, mama."

"Hata kikilia," mkunga alirudia.

Mama Chiriku aliingia nyuma. Mkanda wa kiti kilichobaki ulikuwa umefungwa. Alijibana mlangoni asiuguse, akamshika mumewe mabega, milango ikafungwa, na joto la mchana pamoja na moshi wa ubani vikalijaza gari mpaka vioo vikaingia ukungu kwa ndani.

"Wewe uliye kwenye nukta," alisema mkunga. "Umetoka wapi?"

Kutoka kwenye kioo cheusi: "Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Hapapo. Walipima, wakachimba, wakapitisha barabara juu yetu. Wenzangu wakaenda. Mimi nilikuwa mdogo, nikabaki. Gari likanichukua kama tope la tairi. Nikawekwa alama, nikasahauliwa."

"Pole ya hayo unayo. Lakini vya mwenye gari si vyako. Rudisha."

"Alinipa."

"Alitania. Rudisha!"

Gari likayumba, ingawa breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Mabega ya Njia Zote yakakakamaa chini ya mikono ya mkewe, na kinywa chake kikaanza kumwaga maneno, polepole kwanza, kisha kwa kasi, darajani, soko la mbao, kwa kinyozi ukate kulia, zahanati ipo nyuma ya ghala, geti letu lile la bluu lenye kutu chini, na mkewe akawa anaitikia kwa kichwa kila njia inayorudi kama anayewahesabu watoto wanaotoka mtoni salama, kisha mume akalia kwa uchungu, "Mama! Tumemzika Mama!" mama yake akamfia upya mbele yao mchana ule, naye akalia kilio cha siku ya kwanza, na mkunga akamwacha alie huku akisema tu, "Rudisha na kilichobaki, najua umekificha", na baada ya kimya kirefu, kimya ambacho Mama Chiriku alikisikia kikikwangua ngozi ya viti, mumewe akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji, akasema, "Chiriku. Chiriku wangu yuko wapi? Nani kamchukua mwanangu?"

Mama Chiriku akauma mdomo asipige vigelegele. Alikuwa amempata. Mume wake alikuwa amerudi.

Ndipo kilipoanza kulia.

Hakikulia kwenye kioo. Kililia pembeni yake, kwenye kiti chenye mkanda, karibu kiasi cha kuhisi joto la pumzi mkononi, na hakikuwa kilio cha mtoto wa shule tena bali cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, kile kilio chembamba kinachokatika kwa kukosa nguvu, chenye njaa, chenye baridi, kisichomjua wa kumlilia, kikipanda na kushuka na kukwama, na kila kilipokwama yeye naye alikwama pumzi akingoja kiendelee, na mkunga alikuwa anasoma dua kwa sauti kubwa zaidi na zaidi akikiamuru kitoke, kitoke, kisirudi nyuma, na harufu ya utosi ikamjaa puani mpaka ikamshuka kifuani, na ndani ya kilio kile akasikia maneno, "Sasa mimi nitakaa wapi?" na yeye, aliyekuwa haoni kuku amekwama kwenye uzio asimwambie pole, ambaye mtoto wa jirani akijikwaa barabarani yeye ndiye wa kwanza kufika, mdomo ukamtangulia.

"Pole, mwanangu."

Tak. Mkanda ukafunguka.

Kilio kikakatika. Ukungu ukaondoka kwenye vioo vyote kwa pamoja, na jua likaingia garini kana kwamba halikuwahi kutoka.

Mkunga aligeuka. "Umesema nini?"

"Nimesema pole tu, mama."

"Pole, halafu?"

Mkunga alimtazama muda mrefu, akakitazama kiti kitupu, akalimwagia maji kaa lake. "Twende ndani," alisema mwishoni. "Huyu mwanamume ana njaa."

* * *

Waya alikiwasha kioo mbele ya kila mtu. Kilikuwa kitupu, hakina nukta, hakina sauti, nafasi yote iko wazi. Alifurahi mpaka akapiga meza. "Shangazi kahama!" Kijiweni walimpokea Njia Zote kwa honi, wakamtajia mitaa ya kumpima, naye akawajibu kabla hawajamaliza. Alimfuata mwalimu kwake akampeleka zahanati, akamngoja, akamrudisha. Jioni alimbeba Chiriku mabegani akazunguka naye uani mpaka mtoto akasinzia juu huko, bado anaongea.

Mama Chiriku alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu jioni ya geti.

Asubuhi alikuta mumewe ameshaamka, maji ya chai yako jikoni, mkate umekatwa. Alikuwa amefagia. Chiriku alikuwa mezani, amekaa vizuri, anakula bila neno. Jambo hilo lilimshangaza mama yake kuliko ufagio.

"Leo kimya, bibie? Paka kakuchukua ulimi?"

Chiriku akaweka kidole mdomoni. "Shh. Mtoto kalala."

"Mtoto gani?"

Chiriku akamtazama babake. Baba akakiweka kisu chini. Na Mama Chiriku aliona usoni mwa mumewe kitu alichokijua, kwa kuwa alikuwa amekibeba mwenyewe siku zote zile: hofu ya mtu anayemwona ampendaye ameanza kupotea.

"Usinitanie kwa jambo hilo, mke wangu," alisema kwa upole. "Baada ya yote yaliyonipata. Wa mwisho wetu. Umemsahau?"

Alitaka kusema nimezaa mmoja. Alilishika neno hilo, akalikaza, nimezaa mmoja, mmoja tu, na huku akilikaza lilikuwa linamtoka kama sabuni yenye maji, maana alianza kukumbuka, si kwa mbali bali waziwazi, mvua iliyonyesha siku ile, na uchungu ulivyomshika akiwa anafua, na mikono mipana ya mkunga, na kile kilio chembamba kinachokatika, na alivyoletewa mtoto kifuani akanusa utosi wenye harufu ya udongo mbichi, akasema maneno ya kwanza ambayo kila mama husema: pole, mwanangu.

Alijigusa blauzi. Ilikuwa imelowa maziwa.

Chumbani, nyuma ya pazia, mtoto mchanga akaanza kulia.

Mumewe alimshika bega. "Uchovu tu, usijali," alisema. "Kaamka huyo. Nenda kamnyonyeshe, chai nitamimina mimi."

Naye akaenda, akifungua vifungo huku anatembea.